Ziwa Tanganyika na Ubongo wa Uzeeni: Nani Anafaidi Ufuo wa Bujumbura?

Anayefuatilia habari za afya siku hizi anaweza kuchanganyikiwa bila kosa lake. Mwaka 2022 jarida la kitabibu la JAMA Network Open lilichapisha utafiti mkubwa wa Marekani juu ya miti, bustani, maji na magonjwa ya ubongo ya uzeeni. Ukifupishwa kwa haraka, unasomeka kana kwamba kukaa karibu na maji ni kinga ya akili. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State wakaleta habari nyingine: Wamarekani wa pwani ya bahari wanaishi mwaka mmoja au zaidi kupita wastani, lakini wakazi wa mijini walio kando ya mito na maziwa makubwa ya bara wanaishi pungufu kidogo. Sasa maji ni dawa au ni balaa?

Kwa msomaji wa Nairobi hilo linaweza kuwa gumzo la kupitisha jioni. Kwa mkazi wa Bujumbura ni swali la mahali pa kumweka mzazi. Mama aliyechoka na vilima vya Sororezo ahamishiwe Kibenga apate upepo wa ziwa? Na bibi aliyetolewa Gatumba na mafuriko arudishwe palepale, kwa kuwa ndiko alikozoea? Jiji hili limekaa pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, kama mita 774 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mtaa wake ambao ziwa haliugusi kwa namna fulani: kwa samaki, kwa upepo, kwa mbu, au kwa maji yenyewe kuingia sebuleni.

Ugonjwa wenyewe kwanza

Dimensia si ule usahaulifu wa kawaida wa mtu aliyekula chumvi nyingi. Ni kundi la magonjwa, Alzheimer likiwa ndilo kubwa, yanayomnyang'anya mtu kumbukumbu, kisha mpangilio wa mawazo, na mwishowe uwezo wa kujihudumia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi nayo, zaidi ya 60% kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Dhana kwamba haya ni maradhi ya Wazungu ilishaporomoka hapahapa Afrika Mashariki. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti waliopita vijijini mwaka 2009 na 2010 walikadiria kuwa 6.4% ya watu wenye miaka 70 na kuendelea wana dimensia. Huko huko Hai ndiko kilikotungwa kipimo kiitwacho IDEA, kilichokusudiwa kumpima mzee bila kumwadhibu kwa kuwa hakwenda shule.

Orodha inayosaidia zaidi katika mjadala huu ni ile ya Tume ya jarida la The Lancet, inayoongozwa na Profesa Gill Livingston wa London. Mwaka 2024 tume hiyo ilihesabu vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, ikasema kwa pamoja vinahusika na takriban 45% ya dimensia duniani. Vimo elimu ndogo utotoni, uziwi, uoni hafifu, presha, lehemu mbaya katika damu, kisukari, unene, sigara, pombe kupita kiasi, kutojishughulisha kimwili, sonona, upweke, majeraha ya kichwa na hewa chafu.

Maji hayamo. Wala ziwa, wala bahari, wala mto. Kwa hiyo anayedai kwamba ufuo hulinda ubongo analazimika kuonyesha unapitia mlango upi kati ya hiyo 14, na anayedai kwamba unaudhuru analazimika vivyo hivyo. Hoja nyingi za pande zote mbili zikipimwa kwa kanuni hii hupungua uzito, na zile zinazobaki huwa wazi zaidi.

Hoja ya wanaosifu maji

Mlango wa kwanza wanaoutaja ni mwendo. Watu hutembea zaidi wanapokuwa na mahali pa kutembea panapopendeza, na ufuo ni mahali pa aina hiyo. Mradi wa BlueHealth, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2016 hadi 2020, ulihoji watu katika nchi 18 kuhusu maji na afya, na picha ya jumla ilikuwa njema: wanaotembelea fukwe mara kwa mara huripoti hali bora ya moyo na mwili.

Mlango wa pili ni sonona. Ireland ina utafiti wa miaka mingi wa watu wenye miaka 50 na zaidi, uitwao TILDA. Mwaka 2018 wachambuzi wa takwimu zake walionyesha kwamba wazee wanaoiona bahari kwa wingi kutoka wanakoishi walikuwa na dalili chache za sonona. Kilichohesabika zaidi kilikuwa kuiona. Kuwa karibu nayo tu hakukuwa na uzito uleule. Hilo lina maana ya pekee Bujumbura, kwa sababu mzee wa Kiriri juu mlimani analiona ziwa lote mpaka milima ya Uvira, ilhali mzee wa bondeni aliyezungukwa na kuta za majirani halioni, ingawa anaweza kusikia vyura wake usiku kucha.

Mlango wa tatu ni upweke, na hapa mambo yanaanza kuchanganyika. Ni kweli kwamba ufukwe hukusanya watu. Jumamosi na Jumapili asubuhi vikundi vya mbio hushuka kutoka mitaani vikiimba kwa pamoja, wazee kwa vijana, na mbio hizo ni desturi ya jiji kiasi kwamba mwaka 2014 serikali iliwahi kuzibana kwa hofu za kisiasa. Lakini ukitaka kuona mzee asiye mpweke hasa, nenda mtaa wa Buyenzi. Huko watu wazima hukaa barazani kuanzia alasiri, Kiswahili kikitawala, kahawa ikizunguka, mmoja akisikiliza redio na wengine wakimrekebisha mtangazaji. Hakuna hata mmoja anayetazama maji. Baraza ya Buyenzi inafanya kazi ambayo katika makala za Ulaya inahesabiwa kuwa sifa ya ufuo.

Takwimu zinapobanwa

Turudi kwenye ule utafiti wa 2022, maana ndio unaotajwa sana na kusomwa kidogo. Ulifuatilia kumbukumbu za wazee takriban milioni 62 walio katika bima ya Medicare ya Marekani, kati ya 2000 na 2016, na kuangalia ni nani aliyelazwa hospitali kwa Alzheimer na dimensia nyingine, na nani kwa ugonjwa wa Parkinson.

Matokeo hayakuwa yale yanayosimuliwa. Kwa Alzheimer na dimensia, waliokaa penye kijani kingi walikuwa na hatari ndogo kidogo. Maji hayakuonyesha uhusiano wowote na dimensia. Yalionyesha uhusiano na Parkinson, na wenyewe ulikuwa mdogo, wa asilimia chache tu. Kwa maneno mengine, utafiti mkubwa kuliko mingi katika uwanja huu unampa mtu sababu ya kupanda mwembe uani kuliko ya kununua kiwanja ufukweni.

Udhaifu wa utafiti wa namna hii unafahamika. Kulazwa si sawa na kuugua: wapo wengi wanaougua nyumbani bila kufika hospitali. Tena anayeishi kando ya maji katika nchi tajiri mara nyingi ni mtu mwenye pesa, aliyesoma, anayepimwa presha kila mwaka. Wengine walihamia huko walipostaafu kwa kuwa afya yao iliwaruhusu. Wachambuzi hujitahidi kuondoa athari ya kipato kwa hesabu, ila kipato ni kitu chenye mizizi mirefu, na hesabu haifiki kila mzizi.

Kisha kuna barabara. Mwaka 2017 watafiti wa Ontario, Kanada, waliochunguza watu wazima zaidi ya milioni 6 waliandika katika The Lancet kwamba wanaoishi ndani ya mita 50 za barabara kuu walikuwa na hatari ya dimensia iliyozidi kwa takriban 7%. Sasa chukua ramani ya Bujumbura. Barabara ya RN3 inayoelekea Rumonge inafuata ziwa. RN4 ya kwenda Gatumba na mpakani nayo inapita tambarare ileile. Malori ya bandari, teksi na mabasi yote yako huko. Mtu anaweza kulipa kodi ya nyumba kwa ajili ya upepo wa ziwa, kumbe anavuta moshi wa dizeli.

Hapo ndipo matokeo ya Ohio State yanapoeleweka. Watafiti wale walitaja sababu zinazoweza kulifanya ziwa la mjini lisifae kama bahari: uchafuzi, umaskini, ukosefu wa mahali salama pa kufanyia mazoezi, na hatari ya mafuriko. Si lazima mtu asome jarida ili aitambue orodha hiyo. Mkazi wa Bujumbura angeweza kuiandika mwenyewe.

Samaki

Faida moja ya ziwa haihitaji kutazama maji wala kutembea. Inafika mezani. Ndagala, mukeke na sangala wameulisha mji huu tangu ukiitwa Usumbura, na mafuta ya samaki yamo katika kila mjadala wa lishe ya ubongo. Tafiti za kufuatilia watu kwa miaka mingi mara kwa mara hukuta walaji wa samaki wakiwa na akili timamu zaidi uzeeni.

Lakini vidonge vya omega-3 vilipojaribiwa havikufua dafu. Jaribio kubwa la Marekani, AREDS2, lililotoa matokeo 2015 baada ya kuwafuatilia wazee karibu 4,000 kwa takriban miaka 5, halikuona faida yoyote kwa ubongo. Maelezo yanayoelekea kuwa na ukweli ni kwamba samaki huingia na mambo mengine: anachukua nafasi ya nyama yenye mafuta, analiwa na mboga, analiwa na watu. Namna ya kumwandaa nayo ina neno. Ndagala waliokaushwa juani kisha kupikwa kwa nyanya ni tofauti na samaki aliyetiwa chumvi nyingi, kwa mtu ambaye presha yake haijawahi kupimwa. Ukubwa pia una neno: samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zebaki zaidi mwilini kuliko wadogo. Kwa hesabu hiyo ndagala, chakula cha mtu wa kawaida, anawapita wakubwa wengi wanaoletwa kwenye sahani za hoteli.

Tatizo ni upatikanaji. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliokadiria kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza uzalishaji wa Ziwa Tanganyika kwa kama 20%, na hivyo samaki kwa takriban 30%, kwa kuwa maji ya juu yanapopata joto hayachanganyiki vizuri na yale ya chini yenye rutuba. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Hatua kama hiyo inalinda chakula cha kesho na kupandisha bei ya leo, na mzee asiye na pensheni ni miongoni mwa wa kwanza kulikosa fungu lake sokoni.

Maji yanapopanda

Hadi hapa hoja ya maji inaonekana nyepesi tu. Upande wa madhara ni mzito zaidi, na hapa ushahidi una nguvu kuliko ule wa faida.

Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo na kuifunika Gatumba, mji mdogo ulioko magharibi mwa Bujumbura kuelekea mpaka wa Kongo. Maelfu kwa maelfu ya watu walihama. Ziwa nalo likaendelea kupanda, na mwaka 2024 likakaribia kile kimo cha miaka ya 1960 ambacho wazee wenyewe walikuwa wakikitaja kama hadithi. Maji yalifika Kibenga, yakaingia hoteli na nyumba za watu wenye nafasi, yakafunika sehemu za RN4. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba ya Kibenga alikuwa na pa kwenda. Familia nyingi za Gatumba ziliishia katika kambi za mahema kama Kigaramango, Kinyinya na Sobel huko Maramvya.

Haya yanafanya nini kwa ubongo wa mtu wa miaka 70? Japani ina jibu ambalo halikutafutwa. Katika mji wa Iwanuma, wazee walikuwa wamepimwa miezi 7 kabla ya tsunami ya Machi 2011. Watafiti waliporudi 2013 kuwapima walionusurika, zaidi ya 3,500, walikuta kwamba waliobomolewa nyumba walikuwa wameshuka kiakili kuliko wengine. Cha kushangaza, kufiwa na ndugu au rafiki hakukuonyesha athari hiyo. Sonona na kukatika kwa mazoea ya kila siku na majirani vilielekea kuwa njia ambayo madhara yalipitia. Uingereza nako, baada ya mafuriko ya majira ya baridi ya 2013 na 2014, uchunguzi ulikuta mwaka mmoja baadaye dalili za sonona kwa mtu mmoja kati ya watano walioingiliwa na maji, na dalili za kiwewe kwa zaidi ya theluthi moja.

Burundi ina la ziada. Mwenye miaka 70 leo alikuwa kijana mdogo wakati wa mauaji ya mwaka 1972, na mtu mzima mwenye watoto vita vilipoanza 1993. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kwamba watu waliogunduliwa kuwa na msongo wa baada ya kiwewe wana hatari ya dimensia iliyozidi kwa takriban 60%. Mzee wa Gatumba anayekimbia maji usiku huenda hakimbii kwa mara ya kwanza maishani mwake, na huduma ya kumsaidia iko mbali. Kituo cha magonjwa ya neva na akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité, kwa miongo kadhaa kimekuwa kimbilio kuu la nchi nzima.

Vijidudu, sumu na viboko

Hofu nyingine zinaweza kupitiwa haraka. Kipindupindu ni cha kweli: mlipuko ulitangazwa Bujumbura siku ya kwanza ya 2023, na nyanda za ziwani huathirika mara kwa mara. Humuua mzee kwa kumkausha maji mwilini, lakini si chanzo cha dimensia. Malaria na kichocho vipo katika nyanda hizohizo, ziitwazo Imbo. Vinadhoofisha mwili na vinastahili kutibiwa kwa sababu zao wenyewe.

Ipo pia nadharia ya sumu ya BMAA, inayotengenezwa na sayanobakteria, wale wa kijani-buluu wanaotanda juu ya maji machafu yenye mbolea nyingi. Ilianzia kisiwa cha Guam na ikahamia maziwa ya New Hampshire, Marekani, ambako baadhi ya madaktari walihisi magonjwa ya neva yamejikusanya. Ni nadharia ambayo bado inabishaniwa. Hata ikithibitika, ingewahusu zaidi watu wa Ghuba ya Winam kule Kisumu, ambako utando huo ni jambo la kawaida, kuliko maji ya Tanganyika yaliyo na rutuba haba. Ghuba ya Bujumbura, inayopokea maji ya mto Ntahangwa na taka za mji, ndiyo ya kuangaliwa.

Na viboko? Hupanda ufukweni jioni kula majani, hata mitaani Kinindo. Kwa mzee mwenye macho hafifu, saa nzuri ya matembezi ndiyo saa yao.

Ufuo ni wa nani

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani uachwe bila ujenzi. Kimantiki ni sheria njema mara mbili: inawaepusha watu na maji, na inaacha wazi mahali pa kutembea. Kiutendaji ufuo una baa, hoteli, maghala na nyumba, na sehemu nyingi za kukaa vizuri zinataka mtu anunue kinywaji. Ziwa linaloonwa kupitia chupa ya bia haliingii kwa mlango wa mazoezi. Linaingia kwa mlango wa pombe, ambao ni mmoja wa ile 14 ya Livingston.

Kulazimisha sheria nako kuna bei yake. Ukibomoa, unavunja nyumba, na Iwanuma imeshaonyesha kuvunjika kwa nyumba kunavyomfanya mzee. Ukiacha, unawaacha watu kwenye njia ya mafuriko yajayo. Anayesema jambo hili ni rahisi hajawahi kumhamisha mtu wa miaka 75.

Uzani

Ukiweka yote kwenye mizani, faida ya kukaa karibu na maji kwa ubongo wenyewe ni ndogo, isiyo ya moja kwa moja, na imethibitishwa vyema zaidi kwa sonona kuliko kwa dimensia. Hasara ya kufurikwa ni kubwa na ina ushahidi ulio karibu na kisa chenyewe. Kwa hiyo mwana anayefikiria kumshusha mama yake kutoka Sororezo hadi Kibenga ana sababu za kutosha za kufanya hivyo ikiwa huko kuna ndugu, njia tambarare na duka la karibu. Kwa ajili ya ziwa peke yake, hana. Pesa ya tofauti ya kodi ingefanya kazi zaidi kwenye miwani, dawa za presha na kipimo cha sukari. Na kumtoa mzee Buyenzi ili akapumzike kwenye nyumba tulivu ya ufukweni asikomjua mtu ni hasara tupu.

Swali gumu linabaki Gatumba, kwa sababu huko kuhama si hiari. Hapo namna ya kuhamisha ina uzito kuliko umbali wa makazi mapya kutoka majini. Iwanuma ilitumia njia mbili: baadhi ya waathirika walipewa nyumba za muda mmoja mmoja, kwa bahati nasibu, na wengine walihamishwa kwa makundi, mtaa na mtaa wake. Waliohamishwa pamoja na majirani zao waliendelea kutembeleana na kujiunga na shughuli za mtaa, hata kuliko ilivyokuwa kabla ya tsunami, wakati mahusiano ya waliotawanywa yalipungua.